Msumeno wa Ami Famau

Nyuzi sita sasa chali,
zakatika kila hali,
na pete ya Bwana Lali
ingali nusu mezani.

Kigae cha samawati
alikiokota kati
ya kifusi na boriti
cha nyumba ya Mkomani.

Ijumaa aitaka,
na leo nimeshachoka
kufunga na kukatika,
na damu i kidoleni.

Fremu ni yake Famau,
ami, sijamsahau;
sina mpya, angalau
ya kuazima jirani.

Nikayatazama meno:
yaelekea mkono
(hapo sina malumbano),
yanakata kwenda chini.

Namba nayo ni sufuri,
kwa bati hili ni heri;
meno matatu tayari
yaketi pale pembeni.

Nta nikaupakaza,
mkono nikalegeza,
kwenye kona ukakwaza,
ta! ukaruka shingoni.

Taya la chini lang'ara,
limelika barabara,
lina mafuta: ishara
uzi wateleza ndani.

Nikalipiga msasa,
likarudia kunasa,
nikasema: haya, sasa
turudi, fedha, kazini.

Lali akachungulia,
"Vipi?" akaniambia;
kimya nikamwitikia,
uzi wangu midomoni.

Mpini kwenye kifua,
kichwa mezani chatua,
nikabana, nikajua:
umezidi kipimoni.

Nani aliifupisha?
Kutu imeigandisha
ikome vile, maisha,
vidole viwili ndani.

Kopo lake la kahawa:
nyuzi fupi, sawasawa;
hakutupa, zilikuwa
akiba ya mashakani.

Ndipo nikapata jibu:
aliifunga karibu
ipate, bila taabu,
kushika kipande duni.

Tulimwita "Bwana Choyo,"
kwa mzaha, si kwa moyo;
akisema, "Meno hayo
yana kazi duniani."

Mafuta taa, matone,
nikangoja hadi nane,
nikagonga mara nne,
ikasogea, jamani!

Mzima nikaufunga,
ukucha ukaugonga,
nao *ting!* haukuvunga,
ukasikika Langoni.

Kona ile nikapinda,
uzi wenyewe ukenda,
pua karibu na chanda,
vumbi la fedha ngozini.

Sita nikaziokota,
wa mwisho nimeupata
nyayoni, ukinikata;
nimezitia koponi.