Nafasi ya Kushoto

Arevik aliingia na theluji mabegani,
akaweka picha ya mama yake juu ya meza yangu,
akasema: "Nafasi unaijua."

Ninaijua. Kushoto kwa mumewe, Hrachik, fundi viatu,
niliyemchonga miaka kumi na tisa iliyopita
kwenye jiwe jeusi, makaburini Gyumri,
nikaacha upande mmoja mtupu, nikausugua ukang'aa,
hata mkewe akija na maua
alikuta uso wake mwenyewe unamngoja.

Jiwe li tayari. Sindano ya almasi i tayari.
Kilichokwama ni faili.

Mwanangu Tsolak alininunulia kompyuta mpya,
nyembamba kama mkate wa lavashi,
yenye programu ya kuchorea isiyouzwa, hupangishwa
mwezi kwa mwezi, kama chumba.
Kipya kinyemi, nami sikukataa.
Nikamfungua Hrachik humo:
herufi zetu zikageuka vijumba vitupu, safu kwa safu,
mtaa mzima uliohamwa;
masharubu yakamwagika hadi kifuani,
jicho la kulia likatoka nje ya ukurasa.
Programu ikaniuliza, kwa adabu,
kama ningependa kuhifadhi mabadiliko.

Sikupenda.

Nikaiendea ile ya kale, chini ya turubai,
sanduku la rangi ya meno ya mvutaji,
nililolinunua benki moja ilipofunga milango.
Mwaka juzi Tsolak alijaribu kuilisha programu mpya:
ikaionja, ikakohoa, ikajibu
kwamba mfumo wake ni wa zamani mno.
Hii haisomi ya jana, ile haibebi ya leo,
nami katikati, mkalimani
asiye na lugha ya tatu.

Feni ilikuwa imeganda. Tone la mafuta ya cherehani.
Nikapuliza vumbi la mawe, ambalo kwangu huingia hata kwenye chai.
Nikachomeka waya mpana wa mashine ya kuchongea
katika tundu la pini ishirini na tano,
tundu ambalo kompyuta za leo hazizaliwi nalo.
Bonyeza. Kimya.
Bonyeza.
Mguno, kama wa mtu aliyeamshwa bila kupenda,
kisha kile kilima cha kijani kikatanda kwenye skrini,
na nyasi zake ambazo hazijawahi kuionja Februari ya kwetu.

Toleo la tisa likafunguka. Hrachik akaja mzima,
masharubu mahali pake,
herufi zimesimama wima
kama misumari kwenye soli.
Arevik akavua glovu moja,
akaigusa skrini, akaivaa tena.

Iliyobaki ni kazi ya mkono.
Nilimpunguzia mama mikunjo miwili chini ya macho;
binti akanizuia: "Irudishe. Kila mmoja aliutolea jasho."
Nikairudisha.
Nikamsogeza Satenik nukta kwa nukta
mpaka bega likagusa bega,
nikampa kivuli cha pembe ileile
niliyompa mumewe, mgongo wangu ukiwa bado haujapinda.
Tsolak, mlangoni, akauliza: na hii ikifa, baba?
Nikamwambia ashike taa.

Nilipohifadhi ndipo nikaona.
Betri ya saa, huko ndani, ilikata roho zamani;
kila iwashwapo, kompyuta huanza upya
Januari mosi, elfu mbili na mbili.
Ndiyo tarehe iliyoandikwa ubavuni mwa faili:
kazi imekwisha kabla ya kuanzwa,
imefungwa siku ambayo hakuna aliyekufa,
Hrachik yuko kibandani, misumari mdomoni,
Satenik anamfokea kutoka dirishani
kwamba supu inapoa.

Saa sikuirekebisha.
Nikabonyeza kitufe,
sindano ikaanza kulidonoa jiwe.