Safu ya Hali

Aliuleta Bwana Kapufi kwa treni kutoka Dar,
umefungwa shuka kama bibi harusi,
akaukatia na tiketi, daraja la pili, kulala.
Majani mapana yenye kiuno,
kila moja zeze lisilo na uzi.
Tukauliza unazaa nini.
"Hauzai," akasema. "Unapendeza."
Sisi wa Ofisi ya Ardhi, Tabora,
tukautazama kama mgeni asiyekula ugali.

Miezi minane, ikaja barua ya uhamisho:
Bwana Kapufi, Newala, mara moja.
Akachukua kikombe chake, akachukua redio.
Mti ukabaki kwenye daftari la mali,
namba kumi na saba,
kati ya feni na kabati la chuma.

Ndipo ukaanza kupukutika.
Jani la nje huanguka kimya, lina wenzake.
Hili liligonga sakafu ya saruji, pa!
mhasibu akainua kichwa, akapoteza hesabu.

Kila mtu akawa mganga.
Mihayo wa masijala aliunywesha asubuhi,
Luhende mlinzi aliunywesha usiku, kwa huruma,
mhasibu akaumwagia chai iliyobaki, na sukari yake,
na yule wa ramani, ambaye haongei na mtu,
nilimkuta akiunong'oneza, chupa ya maji mkononi.
Nami mfagizi nikaongeza kikombe changu,
maana ndoo ilikuwa karibu.

Madoa ya kahawia yakaanzia pembeni,
yakaingia ndani kidogo kidogo
kama mpaka wa shamba
unaosogezwa usiku na jirani.

Wakasema ni kiu.
Nikazamisha kidole hadi kifundo cha pili:
tope.
Nikakinusa: mtaro wa Isevya baada ya masika.
Mti ulikuwa unazama
katika mji ambao mabomba yake
yalikuwa yakikohoa hewa wiki ya pili.

Jumamosi sikuomba ruhusa.
Nikaufunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli hadi Ng'ambo,
jani moja likinigusa shingo njia nzima
kama mtoto anayetaka kuuliza jambo.
Nikakata mizizi kwa wembe;
ile myeusi ilivuka ngozi kama muhogo uliolowekwa.
Iliyobaki nyeupe niliihesabu: kumi na mmoja.
Udongo wa kichuguu, mchanga, chenga za mkaa.
Mama yangu alilima tumbaku Urambo,
mkono hukumbuka kitalu hata kichwa kikisahau.

Jumatatu nikaurudisha, dirisha la mashariki,
nikaubandika karatasi: USINIPE MAJI.
Mihayo akauliza hiyo amri ya nani.
Nikamwambia, ya mti.

Kiangazi kikaja na vumbi lake.
Kila Ijumaa nilipangusa majani kwa kitambaa kibichi,
yalikuwa manne tu, kazi ya dakika mbili,
nikageuza chungu robo, na upande wa nyuma nao uone.
Hakuna kilichotokea.
Nalisema hili kwa sababu ndiyo kazi yenyewe:
wiki tisa za hakuna kilichotokea,
na kikombe kimoja, kidole kikiruhusu.

Kisha wakaja wakaguzi wa mali,
kijana mwenye miwani, daftari kifuani.
"Namba kumi na saba. Nzima au mbovu?"
Safu ya hali ina maneno hayo mawili tu.
Nikamwonyesha juu, kwenye ncha:
ala ya kahawia, nyembamba kama ganda la kitunguu,
imepasuka upande, na ndani kitu cha kijani
kimekunjwa kama barua ambayo hajaisoma mtu.
"Nzima au mbovu, mama?"

Nikamwomba kalamu.
Nikaandika kama wauguzi wa Kitete
wanavyokujibu dirishani ukiulizia mgonjwa wako:
anaendelea.
"Mali haiendelei," akasema,
akapapasa mfuko, akatafuta kifutio.
Kalamu ilikuwa ya wino.