Filamu ya Vitambulisho

Uyoga aliuleta Otmari, mtoto wa jirani,
ndani ya kofia yake ya sufu.
Alisema kauokota kule wanakolala ng'ombe wa misheni.
Shangazi Sigfrida hakuwepo kuuchambua,
Jumamosi ni zamu yake kufagia kanisa.
Nami, Mbena wa mjini nisiyetofautisha
uyoga wa kula na uyoga wa kuogopa,
niliukaanga kwa kitunguu, nikaulia ugali,
nikalamba na vidole.

Kazi yangu ni nyuso.
Njombe mjini, chumba kimoja, pazia la bluu:
Inua kidevu. Usicheke. Masikio yaonekane.
Kwa miaka kumi na minne nimewanyamazisha watu
ili serikali iwatambue.

Saa nane hivi, bustani ilianza kupumua.
Sisemi kwa mafumbo. Niliiona kabichi
ikivuta pumzi, ikaizuia, ikaiachia
kama mgonjwa anayepimwa kifua.
Dalia za shangazi, zile za kwenye matairi,
zilifunguka, na zilipokwisha kufunguka zikafunguka tena,
ua likatoka ndani ya ua,
nami nimesimama ndani ya ua,
nikicheka peke yangu kwamba wazee
hawakuona haja ya maneno mawili.

Kamwene, nikaiambia figili.
Figili ikaona haya.
Nyuma ya choo mwanzi uliokatwa kichwa
ulikuwa ukidondosha ulanzi kwenye kibuyu,
na kila tone lilikuwa na rangi.
Moja sina jina lake mpaka leo:
iko kati ya kijani na kengele.

Nikakimbilia kamera, Zeniti ya marehemu baba.
Picha thelathini na sita.
Nilipiga magoti kwenye samadi
nikayaambia maua niliyozoea kuwaambia watu,
inua kidevu, usicheke.
Yakacheka.
Njegere zilicheka hadi maganda yakapasuka.
Nilipiga tone la mvua lililobeba Uwemba nzima,
mnara, ng'ombe, mimi kichwa chini.
Nilipiga konokono akisaini jiwe.
Nilipiga kivuli changu, nikakiomba radhi.

Kisha niliinuka, kivuli kisiinuke.
Mikono iliyoshika kamera ilikuwa ya baba,
na baba yuko chini ya msalaba wa mbao mwaka wa tisa.
Mizizi ilikuwa ikipapasa kamba za viatu vyangu
taratibu, kama kipofu anayetafuta mlango.
Sikujua kulia kunaanzia wapi.

Ndipo nikaliona lile ua,
dalia ndefu kuliko zote, ya bluu,
na dalia ya bluu haipo duniani, muulize yeyote.
Likainama. Likaniita kwa jina la utotoni
ambalo hata mke wangu halijui.
Lilikuwa na maziwa.
Nikapiga ya mwisho, nikanywa.

Kesho yake shangazi alisema neno moja tu:
"Otmari nitamchapa."
Akaendelea kumenya viazi.

Wiki ya pili, kwenye chumba cha giza,
karatasi ikielea katika dawa chini ya taa nyekundu,
nilikumbuka nilichokuwa nimepakia humo:
filamu ya vitambulisho. Nyeusi na nyeupe.
Siku yenye rangi kuliko zote nilizopewa
ilikuja juu ya maji
kijivu.
Kabichi, kijivu. Tairi. Kidole changu.
Kidole changu. Konokono, au ni kokoto.

Ya thelathini na sita ilichelewa kutokea.
Kwanza kitenge chake. Kisha kikombe cha bati.
Kisha shangazi mwenyewe,
amepiga magoti kwenye matope na goti lake bovu,
kidevu juu,
masikio yanaonekana,
hacheki.

Nimeibandika dirishani katikati ya zile za mauzo.
Watu huuliza, yule mama picha yake ni ya kitambulisho gani.
Nawaambia waingie, wakae,
mwanga utakuja ukungu ukiondoka.
Siku hizi akicheka mtu
simkatazi mara moja.