Hesabu za Februari

Theluji ya Duluth imefika dirishani,
na mezani, kando ya bakuli la uji ulioganda,
karatasi mbili zangoja sahihi yangu.

Ya kwanza inang'aa. Dola elfu mbili na mia nne,
hoteli haimo, wala gongo, wala mafuta ya gari;
Fargo mwezi wa tano, Des Moines mwezi wa sita,
na kila Jumanne mazoezi katika bohari la zamani la viatu,
ndani ya nyavu, chini ya taa zinazolia kama mbu.

Ya pili imechapwa kwa wino unaokatika:
dola themanini, kofia juu yao,
kocha ni Halvorsen, msambaza mikate,
uwanja ule wa nyuma ya kanisa,
theluji ikipenda kuondoka.

Jumamosi nilimpeleka bohari, kwenye majaribio.
Wakambandika mgongoni namba kumi na tisa.
Mashine ikaupima mpira wake: maili arobaini na moja.
Kijana mwenye kishikwambi akaandika, uso hakuinua.
Mzazi mmoja, kahawa mkononi, akaniambia,
"Miaka tisa? Mmechelewa kidogo."
Tumechelewa! Mwanangu hata meno hajamaliza kuota.
Hayo nayajua; ndimi nipokeaye simu kwa daktari wa meno.

Lakini nisijidanganye. Nilimwona Anders
akiudaka mpira wa chini, uliokuja ukiparaza sakafu,
akageuka, akautupa kabla sijapepesa,
na uso wake ulikuwa uso nisioujua,
wa mtu aliyesikia akiitwa.
Baba yake aliwahi kuwa nao. Aliuacha mgodini.

Mchagua jembe si mkulima, sawa,
ila jembe hili lauzwa kwa mkopo.

Usiku nikamuuliza: wapi?
Akatafuna mbegu za alizeti,
maganda akayatemea kikombeni kama wakubwa.
"Nikikosea kule, watanirudisha nyumbani?"
Nyumbani utarudi hata usipokosea, nikamwambia.
Akacheka. Swali langu hakulijibu.

Kwenye karatasi ya pili nimejaza kipimo cha kofia.
Ile ya kwanza sijaitupa;
nimeiegemeza kibaniko cha mkate, inanitazama.
Nje gari la kuzoa theluji lapita,
laifungua barabara yote hadi ziwani
na kuuziba mlango wa gereji yangu.