Dakika Sita

Kwenye korido ya ghorofa ya pili wamebandika utepe mwekundu sakafuni,
mita thelathini, toka mlango wa stoo hadi ndoo ya mchanga.
Tembea, Ndahani. Usikimbie.
(Kana kwamba angeweza.)
Nesi Foibe ameshika saa. Mimi nimeshika ndala zake.

Anatembea kwa ncha za vidole, tumbo mbele,
kama tajiri anayekagua mizabibu ya watu.
Alipokuwa na miaka mitatu nilimcheka mwendo huo.
Nilicheka. Hilo nalo liandikwe.

Akitaka kuinuka, hujipanda:
mikono magotini, mikono mapajani, mikono kiunoni,
mtoto anaukwea mwili wake mwenyewe kama jabali,
akifika kileleni anahema, anatazama chini,
"Mama, umeona?"

Kaka yangu Chidumizi alijipanda hivyohivyo.
Wakamwita mvivu wa jembe.
Babu akamchapa, ili miguu ikumbuke kazi.
Mwaka wa njaa aliketi chini, hakusimama tena,
tukamzika ana miaka kumi na saba
na jina lake lile la uvivu.

Damu ya mwanangu imepanda ndege; mimi bado.
Kichupa kimoja, kifuniko cha zambarau,
kikaenda kusomwa nchi ya baridi.
Nikapogoa mizabibu mara tatu ndipo ikarudi karatasi,
moja.

Daktari Mkunda aliisoma polepole, akageuza nyuma, akachora.
Ni kitabu kirefu, akasema, vipande sabini na tisa.
Chake kimekosa cha nane, cha tisa, cha kumi, cha kumi na moja.
Si laana. Si jicho la mtu. Ni kurasa nne.
Nikauliza, nani alizichana?
Akanyamaza kwa adabu,
na katika kunyamaza kwake nikamwona mama yangu,
na mama yake, na mimi kigori,
tukipokezana kitabu kilichochanika, hatujui kusoma.
Hombolo tunakata pingili ya mzabibu wenye ugonjwa,
tunaipanda shamba jipya, inachipua vizuri tu.

Waliosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo
walikuwa na watoto waliokua.

Dawa ipo?
Ipo. Inaruka palipoharibika ili sentensi iendelee.
Lakini ni ya waliochanika kwingine,
na bei yake, nilimwomba arudie kuitaja,
kisha nikamwomba asirudie.
Kilichopo ni vidonge vyeupe, asubuhi, baada ya uji.
Vinavimbisha mashavu, vinaleta njaa na hasira,
vinanunua miaka miwili ya kutembea, pengine mitatu.
Nimenunua.

Na huu utafiti. Watoto kumi na mmoja,
wa Manyoni, wa Kondoa, mmoja wa Singida anayekuja mgongoni kwa baba yake.
Hakuna dawa ndani yake, wanapimwa tu: mita, pumzi, uzito.
Fomu ilisema, kwa Kiswahili kilichonyooka,
*mshiriki huenda asinufaike.*
Nikatia sahihi kwa ajili ya Chidumizi,
ili safari hii mtu mwenye kalamu amtazame anayeanguka
na aandike namba.

Dakika ya nne anagusa ukuta.
Dakika ya tano mkono wangu unatoka wenyewe,
Foibe anatikisa kichwa: hairuhusiwi.
Nauminya ndani ya ndala.

Mita mia mbili themanini na saba.
Mwaka jana zilikuwa mia tatu hamsini na mbili.
"Nimeshinda?"
Foibe anaandika kwanza. Kisha anasema, "Umemaliza."
Hilo limemtosha, au amelikubali, sijui;
anaomba utepe uliobaki.

Ameubandika chumbani, toka kitandani hadi mlangoni.
Leo hatua kumi na mbili.
Jana kumi na moja, ila anasema jana alizikanyaga ndefu.
Kila kukicha ananitajia namba
nami naiandika kwa mkaa, nyuma ya mlango,
mahali ambapo mlango ukiwa wazi
haionekani.