Karatasi ya Mtu wa Nyuma

Usiku ule walipovunja kufuli ya ghala letu la makaa,
mama alishuka Kadutu kwa miguu, tope hadi vifundoni.
Afande wa zamu akamwambia:
"Mashitaka tunapokea. Karatasi hatuna."
Akatafuta duka lisilolala,
akarudi na biki na karatasi mbili:
moja yake,
moja, afande alisema, ya mtu atakayekuja nyuma mikono mitupu.
Sijui kama mtu huyo alikuja.
Makaa hayakurudi.

Leo mimi, Nsimire,
nimeegemeza mgongo ukutani, visigino kwenye saruji,
napimwa kwa chaki.
"Umepungukiwa kidole kimoja."
Navuta pumzi.
Kidole kinapatikana.

Nyumbani wamecheka wiki nzima.
Cishugi ananipigia saluti kwa mwiko wa bugali:
"Mshahara lini, afande? Mwezi wa kumi na tatu?"
Shangazi anauliza ni mwanamume gani
atalipa mahari ya filimbi.

Mama hacheki.
Anapiga pasi shati nililoazima,
analowesha kidole kwa mate, anagusa chuma, anasikiliza.
Hanibariki. Hanikatazi pia.

Ila sasa, foleni ikisogea,
nafungua mkoba kutafuta cheti cha shule,
na chini ya ndizi mbili za kuchoma
nakuta daftari jipya, kurasa mia,
na juu ya jalada, kwa mkono uliojifunza kuandika ukubwani,
herufi zikipanda mlima kama njia ya kwetu:
YA WA NYUMA.