Msoma Mita Aingia kwa Mlango wa Mbele

Miaka thelathini na mmoja nilizijua nyumba hizi kwa migongo:
ukuta wa nyuma, mita, tarakimu, mbwa.
Nilijua nani huoga usiku wa manane,
nani anaficha jokofu la pili gerejini,
na mwezi ule mume wa Arlys alipomwacha
nilijua kabla ya kanisa kujua:
tarakimu ziliporomoka kama mtu aliyekosa daraja gizani.

Leo ni Jumamosi ya kwanza ya Oktoba,
na huku kwetu bondeni, Wisconsin, milango ya mbele iko wazi.
Nimepewa ramani ya karatasi ya manjano, nyumba saba,
na kibandiko kifuani: MGENI,
chini yake jina langu, Delbert, kwa wino uliochuruzika.
Mgeni. Mimi!

Arlys anatuonyesha zizi lisilo tena na ng'ombe.
Paneli ishirini na mbili juu ya paa,
zote zimeelekea kusini kama waumini wa dini moja.
"Hii ndiyo inveta," ananiambia taratibu,
kwa sauti ya kumfundishia mtoto,
nami naitikia kwa kichwa
kana kwamba vidole hivi havijawahi kuungua kwa waya.

Miguu, kwa mazoea, inanipeleka nyuma ya nyumba.
Mita mpya haina kile kisahani kilichokuwa kikizunguka.
Ina kioo kidogo, na ndani ya kioo mshale
unaoelekea nje, kwenye nguzo, kwa majirani.
Inajisoma yenyewe. Inajipigia simu mjini.
Mbwa amelala.
Hana wa kumbwekea.

Kwa akina Vang kuna banda la nailoni,
na feni ndogo ya jua inayoshusha joto la mchana
hadi chini ya udongo, likae hapo mpaka usiku.
Nje baridi inauma masikio;
ndani mchaichai umenifika kiunoni.
Kijana wao, Tou Meng, anataja wati na nyuzi.
Bibi yake hana habari na wati.
Ananitia pilipili tatu mfukoni, bila kuniuliza.

Verlyn Amundson peke yake ndiye hakujisifu:
"Betri ilinigharimu bei ya trekta,
na Januari theluji ikilala paani
nachanja kuni kama babu yangu."
Watu wakacheka, wakaandika.
Nilimpenda yeye kuliko wote.

Halafu, mwisho wa barabara ya changarawe,
kipande cha boksi kwenye kigingi: NAMBA 8.
Ramani haina namba nane.

Bi Ione Kjelstad, miaka tisini na mmoja,
amesimama uani na beseni la nguo mbichi.
"Mtambo wangu wa jua," anasema,
na kidole kinafuata kamba, kutoka mti hadi mti.
"Tangu mwaka hamsini na nane. Haujaharibika ila mara mbili."

Mita yake naikumbuka.
Nilikuwa naigonga kwa ukucha, nikidhani imekufa.
Na mwaka mmoja, nikiwa kijana mwenye kalamu mpya,
niliandika: *anashukiwa kuiba umeme.*
Wakaja wanaume wawili na tochi,
wakapekua darini, wakapekua chini ya sakafu.

Mkia wa nyani huufichi milele.
Namwambia. Palepale, mbele ya watalii wanne
na mtoto anayekula tufaha.

Anakaa kimya, kibanio katikati ya meno.
Upepo unaijaza fulana moja, unaiacha.

"Walikula keki yangu yote, wale wanaume,"
anasema hatimaye. "Ya tangawizi."

Kisha anainama, anavuta shuka zito, linachuruza,
ananirushia upande mmoja.

"Shika vizuri. Usiliburuze."